Mshipa, Neva na Msuko: Uhakiki wa Istilahi za Neva za Mkono na Mguu

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeendeshwa kwa miaka mingi kana kwamba swali ni moja tu: tukope au tubuni? Wako wanaoshikilia kwamba kila neno la kigeni likaribishwe maadamu limevishwa irabu mwishoni, na wako wanaoona kwamba kukopa ni kukiri umaskini wa lugha. Makala haya hayakusudii kuamua kati ya kambi hizo mbili. Yanakusudia kuonyesha, kwa kutazama eneo moja dogo la elimu ya mwili, yaani neva zitokazo mgongoni na kuhudumia mkono na mguu, kwamba udhaifu mkubwa wa istilahi zetu haumo katika kukopa wala katika kubuni. Umo katika kulitafsiri jina bila kukitazama kitu chenyewe. Eneo hili nimelichagua makusudi, kwa sababu hapa jina likipotoka kidogo tu, mgonjwa huweza kupotea pamoja nalo.

Neno la kuanzia ni *mshipa*. Upana wa neno hili unajulikana na kila msemaji. Mshipa ni njia ya damu iendayo na irudiyo. Mshipa ni kile kinachotetema penye kifundo cha mkono. Mshipa ni maradhi, hasa ya ngiri na ya kuvimba korodani. Na mtu asiyejua kutahayari huambiwa hana mshipa wa aibu. Juu ya mzigo huu wote, neno limetwishwa pia kazi ya kutaja neva, na kwa kuwa lisingeweza kujitegemea, likaongezewa sifa likawa *mshipa wa fahamu*. Istilahi hii imeenea hospitalini, redioni na katika vitabu vya afya, na wengi huihesabu kuwa mfano mwema wa ubunifu.

Aghalabu wanaoikosoa hushambulia sehemu ya kwanza, yaani *mshipa*, wakisema kwamba lugha isiyotenganisha neva na njia ya damu haifai kufundishia sayansi. Shutuma hii haina uzito. Neno la Kiyunani *neuron*, ambalo ndilo shina la istilahi nyingi za neva katika lugha za Ulaya, hapo kwanza lilikuwa na maana ya kano, uzi wa upinde na kadhalika. Aristotle alipolitumia hakuwa na neva akilini, bali kano zinazounga nyama na mifupa. Ni baada ya kazi ya Herophilus na Erasistratus kule Alexandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndipo neno hilo lilipoanza kufungiwa kitu tunachokiita neva leo. Hata hivyo alama ya utata ule haijafutika: utando mpana wa kano unaoshikilia misuli ungali unaitwa *aponeurosi*, ilhali hauna uhusiano wowote na neva. Kwa upande huu Kiswahili kilikuwa mbele, kwa maana wasemaji wetu walikuwa na neno *kano* lililosimama mbali kabisa na *mshipa* kabla mtaalamu yeyote hajaketi kuunda istilahi. Mchinjaji yeyote hutenga kano na mshipa kwa kisu na kwa neno.

Ubaya wa *mshipa wa fahamu* basi hautokani na mshipa. Unatokana na *fahamu*.

Tutazame kitu chenyewe. Mtu ana jozi 31 za neva za mgongo: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu na 1 ya kifandugu. Kila neva katika hizi huanza kwa mizizi miwili inayotoka katika ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo. Mzizi wa nyuma huleta habari kutoka mwilini: maumivu, joto, mguso, na hali ya viungo. Mzizi wa mbele hupeleka amri kwenye misuli. Ugunduzi huu umefungamanishwa na majina ya watu wawili, Charles Bell, aliyechapisha majaribio yake Uingereza mwaka 1811, na François Magendie wa Ufaransa, ambaye mwaka 1822 alionyesha wazi kazi ya kila mzizi. Baada ya kutoka ugweni mizizi hiyo miwili huungana, na tangu hapo neva ya mgongo ni mchanganyiko: katika uzi mmoja kuna nyuzi za kuhisi na nyuzi za kuamuru.

Sasa mwalimu anayetumia istilahi ya *mshipa wa fahamu* atasemaje habari ya mzizi wa mbele? Atalazimika kufundisha kwamba mzizi wa mbele wa mshipa wa fahamu hauna fahamu. Wala mgongano huu si wa maneno tu. Katika Kiswahili *fahamu* ina makao yake. Milango ya fahamu ni macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Kupoteza fahamu ni kuzirai. Kurudiwa na fahamu ni kuzinduka. Kwa hiyo istilahi hii huificha kabisa nusu ya kazi ya neva, ile nusu inayouinua mguu na kukunja ngumi, na nusu inayobaki huihamisha kutoka kwenye kiungo ikaipeleka kichwani.

Tuchukue mfano ambao madaktari wa Afrika wameujua kwa muda mrefu. Mtoto mwenye malaria anachomwa sindano ya kwinini matakoni. Mahali panapofaa, ikiwa tako ndilo litakalochomwa, ni robo ya juu upande wa nje. Chini na ndani ya hapo inapita neva kubwa kuliko zote mwilini, ile iitwayo kwa Kilatini *ischiadicus*, iliyotokana na jozi ya 4 ya kiuno hadi ya 3 ya sakramu. Dawa ikimiminwa karibu yake, mtoto hupona homa lakini huanza kuburuta vidole vya mguu, kwa kuwa misuli inayouinua wayo haipati amri. Mama akiambiwa kwamba sindano imegusa mshipa, atadhani ni mshipa wa damu, na atatazama kama pamevimba. Akiambiwa umegusa mshipa wa fahamu, atajibu, na atakuwa na haki, kwamba mwanawe ana fahamu zake zote: anacheka, anaita majina ya watu, analia akifinywa. Katika hali zote mbili hajaambiwa lile moja ambalo lingemfanya autazame wayo na kuurudisha mtoto hospitali mapema. Angelitambua kama angeambiwa kwa maneno matatu tu: *neva ya mguu*.

Ndiyo sababu naunga mkono *neva*. Siungi mkono kwa kuwa ni neno la kimataifa. Hoja hiyo nimeisikia mno, na haitoshi. Naliunga mkono kwa kuwa ni tupu. Halina *fahamu* ndani yake, wala damu, wala ngiri, wala aibu, na kwa hiyo laweza kubeba nyuzi za aina zote mbili bila kuipendelea moja. Tukitaka kutenganisha, tunasema *neva za hisi* na *neva za mwendo*, nalo jambo limekwisha. Utupu wa neno la mkopo ni faida pale ambapo maneno ya nyumbani yamejaa kupita kiasi.

Lakini sifa hiyohiyo ya utupu huwa kasoro tukishuka kutoka kwenye jina la jumla kwenda kwenye sehemu, na hapa ndipo ninapoachana na wale wanaotaka kukopa kila kitu. Neva za mkono hazitoki mgongoni moja kwa moja hadi vidoleni. Nyuma ya mtulinga na ndani ya kwapa, matawi ya mbele ya neva tano, yaani ya 5, 6, 7 na 8 za shingo na ya kwanza ya kifua, hukutana na kupangwa upya. Matano huwa mashina matatu. Kila shina hugawanyika mbele na nyuma, yakawa mafungu sita. Sita huungana tena kuwa matatu. Na hatimaye hutoka neva tano kubwa zinazokwenda mkononi. Kwa Kilatini mpangilio huu huitwa *plexus*, neno lililotokana na kitenzi cha kusuka. Wengine wetu wamelifasiri kuwa *mtandao* au *wavu*. Wengine wamelikopa tu.

Mtandao haufai, na sababu yake yaonekana mara tu mtu akiuliza nini hutokea pale nyuzi zinapokutana. Katika wavu, uzi hukutana na uzi kwenye fundo, na fundo likishikamana huwezi tena kusema huu ni uzi gani. Katika neva za mkono hakuna fundo hata moja. Kila unyuzi uliotoka katika ugwe hubaki unyuzi uleule hadi mwisho wa safari yake. Hauungani na mwenzake wala haubadilishani naye kitu. Kinachobadilika ni jirani zake tu: hapa unakwenda pamoja na hawa, pale unawaacha na kuungana na wale. Huu si wavu. Huu ni ukili. Mwanamke wa pwani anayesuka ukili wa mkeka huingiza miyaa, akaipitisha juu na chini, akaiweka pamoja na mingine na kuitenga tena, na mwaa mmoja waweza kufuatwa kwa kidole tangu ulipoingia hadi ulipotokea. Kiswahili kina *suka*, kina *msuko*, na msuko ndio jina sahihi: *msuko wa mkono* kwa huu wa kwapani, *msuko wa kiuno* na *msuko wa sakramu* kwa ile inayohudumia mguu.

Faida ya jina hili si ya uzuri peke yake. Mwanafunzi aliyeelewa kwamba nyuzi hazipotezi utambulisho wake ataelewa mara moja kwa nini mtu aliyeumia jozi ya 6 shingoni na mtu aliyeumia neva moja ya kigasha wanaweza kulalamikia ganzi katika kidole gumba kilekile, lakini udhaifu wa misuli yao ukawa tofauti kabisa. Mmoja amekatikiwa na mwaa kabla haujaingia katika ukili. Mwingine amekatwa ukanda wa mkeka uliokwisha kusukwa, wenye miyaa kutoka pande nyingi. Neno *mtandao* halimwandai mwanafunzi kwa jambo hili, na *pleksasi* halimwambii chochote.

Shida nyingine katika istilahi za msuko huu inatuhusu sisi watafsiri zaidi kuliko waganga. Vitabu tunavyotafsiri karibu vyote ni vya Kiingereza, nacho Kiingereza cha anatomia kina uzembe wake ambao Kilatini hakina. Waingereza huyaita yale matawi matano yanayoanzisha msuko kwa neno la *mizizi*, na neno hilohilo hulitumia kwa mizizi miwili ya kila neva, ule wa mbele na ule wa nyuma. Vitu hivi viwili havifanani: mizizi ya neva ama ni ya hisi ama ni ya mwendo, ilhali yale matawi yana vyote viwili. Kilatini huvitenga, kimoja *radix*, kingine *ramus*. Kadhalika, Kiingereza hutumia neno moja la *kamba* kwa ugwe mzima ulio ndani ya uti wa mgongo na kwa yale mafungu matatu ya mwisho ya msuko wa mkono. Kilatini huita la kwanza *medulla*, yaani uboho, na la pili *fasciculus*, yaani kitita kidogo. Mtafsiri wa Kiswahili akiandika *mizizi* na *mizizi*, *ugwe* na *ugwe*, amerithi mkanganyiko usiokuwa na ulazima wowote. Kutafsiri kutoka katika tafsiri ni hatari katika fasihi. Katika sayansi ni hatari zaidi, kwa kuwa hakuna muktadha wa kuliokoa neno. Pendekezo langu ni *mzizi* kwa mizizi ya neva pekee, *tawi la mbele* kwa kile kinachoingia katika msuko, *ugwe wa mgongo* kwa *medulla*, na *kitita* kwa *fasciculus*: kitita cha nje, cha ndani na cha nyuma, kulingana na mahali pake kandokando ya ateri ya kwapa.

Kuhusu *uti wa mgongo* sitasema mengi. Ni dhahiri kwamba neno hili limetumika kwa mifupa na kwa kilichomo ndani yake, na jina la homa ya uti wa mgongo limezidi kulivuruga. Libaki kwa mifupa, na mfupa mmojammoja uwe *pingili*, neno zuri tulilopewa na muwa. Ila mwandishi ajihadhari asiseme *neva ya pingili ya tano*, kwa maana pingili za shingo ni 7 na neva zake ni 8: neva ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza, ya nane hutokea chini ya ile ya saba, na kuanzia hapo kwenda chini kila neva hutokea chini ya pingili yenye nambari yake. Aseme *neva ya tano ya shingo*.

Tukija kwenye majina ya neva tano zinazotoka katika msuko wa mkono, mambo hayalingani. *Neva ya kwapa* na *neva ya kati* hazina matata. Ile inayohudumia misuli inayokunja mkono na kisha kuishia katika ngozi ya kigasha inaweza kuitwa *neva ya misuli na ngozi*. Ni jina refu, lakini hata la Kilatini ni refu. Ile iitwayo *radialis*, inayozunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono na kuinua kiganja, imepewa jina la mfupa, na mfupa ulipewa jina la njiti ya gurudumu. Mkopo hapa ni wa hatari, kwa sababu likiishia kuwa *neva ya radi* msomaji atangoja ngurumo. Naona heri *neva ya upande wa gumba*, ijapokuwa najua kwamba jina hili linaeleza mwisho wa safari yake kuliko mwanzo.

Neva ya tano, *ulnaris*, inastahili uangalifu zaidi. Hupita nyuma ya mfupa wa kisugudi ikiwa karibu kabisa na ngozi, na kila mtu amewahi kuijua bila kuijua: ni ile inayorusha kama umeme hadi kidole cha mwisho mtu anapojigonga kisugudi ukingoni mwa meza. Ngozi inayoihudumia ni ya kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Nusu ya pili ya kidole cha pete, kwa upande wa kiganja, ni ya neva ya kati, kwa hiyo mpaka wa neva hizi mbili umechorwa katikati ya chanda hicho tunachokisifu kwa kuvikwa pete. *Neva ya kisugudi* ni jina ambalo mgonjwa anaweza kuliwekea kidole.

Na hapo tunafika kwenye neno ambalo, kwa maoni yangu, limeleta madhara kuliko yote, nalo si la kitaalamu hata kidogo: *kiwiko*. Kwa wasemaji wengi wa leo, hasa shuleni, kiwiko ni pale mkono unapokunjika, yaani kisugudi. Lakini katika matumizi ya zamani kiwiko ni kifundo kinachounga kigasha na kiganja, na kiwiko cha mguu ni kifundo cha mguu. Katika hadithi tofauti hii haimdhuru mtu. Katika anatomia ya neva ya kisugudi inageuza kila kitu. Neva hii ikikatwa karibu na kiganja, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja kama kucha za ndege, kwa kuwa misuli ya kigasha inayovuta ncha zake ingali hai. Ikikatwa kwenye kisugudi, misuli hiyo nayo hudhoofika, na vidole hujikunja kidogo zaidi ingawa dhara ni kubwa zaidi. Tena ngozi ya mgongo wa kiganja upande huo hufa ganzi, kwa sababu tawi lake huachana na neva kuu kabla ya kufika kwenye kifundo. Mwandishi anayesema kwamba neva imekatwa *kwenye kiwiko* ameeleza majeraha mawili yaliyo kinyume kwa neno moja.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukoma. Kiini cha ugonjwa huo, ambacho Hansen alikigundua mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi, na neva ya kisugudi ni mojawapo ya zinazoshambuliwa mara nyingi. Hunenepa, na mhudumu aliyefundishwa vyema anaweza kuipapasa nyuma ya mfupa na kuitambua mapema, kabla vidole havijajikunja. Kwa hiyo maagizo kwa wahudumu wa vijijini hutegemea neno la mahali. Mwongozo ukisema *papasa neva nyuma ya kiwiko*, na msomaji wake akawa amelelewa katika matumizi ya zamani, atapapasa kifundo cha mkono, hatakuta kitu, na ataandika kwamba mgonjwa hana dalili.

Itasemwa kwamba majina haya ni ya kuamuliwa na mabaraza, si na wahakiki. Ni kweli, na mabaraza ya Ulaya yenyewe yalifanya hivyo kwa taabu. Wanaanatomia walipokutana Basel mwaka 1895 walikuta makumi ya maelfu ya majina, vitu vingi vikiwa na majina kadhaa kila kimoja, wakayapunguza hadi kama elfu tano. Wakarekebisha tena Paris mwaka 1955. Na orodha iliyotolewa mwaka 1998 ilitanguliza *fibularis* badala ya *peroneus* kwa neva ya pembeni mwa goti, kwani jina la zamani lilikaribiana mno na la sehemu nyingine ya mwili isiyohusiana nalo. Walibadilisha jina lililozoeleka kwa sababu lilikuwa likikosesha. BAKITA na TUKI wamefanya kazi kubwa ya kusanifu msamiati tangu miaka ya 1960 na 1970, na hakuna linalowazuia wasanifu wetu kutumia kipimo hichohicho kwa neno la kawaida kama *kiwiko*. Hadi litakapoamuliwa, mwandishi wa kitabu cha afya aliache kabisa, atumie *kisugudi* kwa pale mkono unapokunjika na *kifundo cha mkono* kwa pale kiganja kinapoanzia.